Mwanamke wa Ukutani

Kazi yangu ya kwanza ya kuchora ukuta niliipata Manzese, kwenye saluni ya mama mmoja aliyehamia mjini kutoka Moshi. Alitaka mwanamke mzuri aliyesukwa, mkubwa kama mtu. Nilichora siku tatu. Nywele ndizo zilizonitoa jasho. Uso niliumaliza haraka: macho yakitazama mbele moja kwa moja, mdomo nikaufunga kwa sababu meno yalikuwa yananishinda.

Siku mbili baadaye akanipigia simu. "Mwanangu, njoo umfute huyu mtu. Anawakodolea wateja wangu."

Nikaenda na kopo la rangi nyeupe, roho imesinyaa. Ndani kulikuwa na wateja wawili. Dada aliyekaa chini ya draya, karibu na mlango, akadakia hata sijamaliza salamu. "Tangu nimeingia hajabandua jicho kwangu. Ananidharau!"

Bibi mmoja aliyekuwa anasukwa upande wa dirishani akaguna. "Akutazame wewe una nini? Ananitazama mie. Tena ananionea huruma."

Nikaweka kopo chini. "Shikamoo bibi. Naomba mbadilishane viti."

Bibi akainuka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Wakapishana, wakakaa, wakainua macho kwa pamoja.

"Kageuka!" dada akapiga kelele.

"Yesu wangu," mama mwenye saluni akasema, kitana kikamdondoka.

Nikawaeleza kwamba picha ni bapa, huwezi kuizunguka ukaiona ubavuni. Jicho lililochorwa likitazama mbele linamtazama kila anayelitazama, popote alipo. Hilo nilikuwa nalijua. Kilichonishangaza ni mdomo: nilikuwa nimeufunga tu, bila dharau wala huruma.

"Sasa mbona wewe unaona dharau, na bibi anaona huruma?" nikamuuliza dada.

Dada akafikiri kidogo. Akasema asubuhi ile wifi yake alimwambia hajui kuvaa. Bibi naye alikuwa ametoka kumsindikiza kitinda mimba wake stendi, anahamia Mwanza, na nyumba nzima kabaki peke yake. "Kumbe nimekuja naye mwenyewe huyo mwenye huruma," akasema, akaanza kucheka, na sisi tukamfuata mpaka machozi.

Nikamgeukia mama mwenye saluni. Yeye anaona nini?

Akamtazama mwanamke wake muda mrefu. "Leo naona kafurahi. Jana alikuwa mkali kweli." Akaokota kitana. "Jana umeme ulikatika kutwa nzima."

Kopo halikufunguliwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na ndiyo mara ya kwanza watu kubishana kwa sababu ya kitu kilichotoka mkononi mwangu. Nilitembea kwa miguu mpaka Sinza nikiimba, watu wakinipisha njia.

Lakini kabla sijaondoka, yule dada alimaliza nywele zake, akaenda kusimama mbele ya ukuta, mkono kiunoni, akageuka huku na huku.

"Haya shoga," akamwambia, "sema sasa, sijapendeza?"