Aliyenitangulia Kwenye Majani Chai

Kuna watu wakisikia kisa hiki huniuliza nilikuwa nimekunywa nini. Nilikuwa nimekunywa chai, tena bila sukari, kwa sababu daktari amenikataza. Akili zangu ninazo. Niliyoyaona niliyaona jua halijatua, na kama ungekuwa pale ungeyaona pia, ingawa sikuombei.

Nina duka la dawa za mifugo Mogogosiek, mji mdogo katikati ya mashamba ya chai. Nilizaliwa na kukulia Nyeri, lakini watoto wangu wote nimewazaa huku. Aliyenifundisha kutazama ndege ni Mwalimu Kiprono wa shule ya msingi hapa jirani. Siku moja alikuja kununua dawa ya kupe, akanikuta nimesahau wateja nikimtazama chozi, yule ndege mdogo mnyonya maua, kwenye ua la dirishani. Tangu hapo Jumamosi zetu zikawa za darubini. Watu walisema yao. Mke wake alicheka tu, akawa anatufungia mahindi ya kuchemsha.

Msimu huo wa mvua Mwalimu alikuwa amemwona ndege aliyemshinda. Unawajua wale wadogo wenye mkia mrefu kama utepe, wanaokamata nzi kwenye vivuli? Kuna wenye kifua cha kijivu, na kuna wa misitu ya magharibi wenye tumbo jekundu kama tofali. Huyu alikuwa na vyote viwili, kijivu kimeingiliana na wekundu kwa mabaka, kama nguo iliyolowekwa na nyingine inayochuja rangi.

"Nadhani ni chotara," Mwalimu aliniambia. "Lakini usianze na rangi, Mama Ciku. Rangi inadanganya. Angalia kwanza vile anasimama, vile anatembea, halafu sauti. Jina ni la mwisho."

Tulienda kumtafuta kwenye kichaka cha miti kinachofuata mto, chini ya mashamba ya chai. Wachumaji walikuwa wameshapeleka majani yao, hakukuwa na mtu. Mwalimu akasema atazunguka ng'ambo ili ndege akishtuka aje upande wangu. Akaniambia nisitoke pale. Nikabaki kwenye kijia, nikimwona akiteremka na jaketi lake la kijani.

Ukungu wa huku hauji, unaanguka. Mara hii unaona bonde, mara hii huoni mkono wako. Nilikaa nikisikia mto tu. Halafu jaketi la kijani likatokea mbele yangu, darubini kifuani.

"Mwalimu, umemwona?"

"Nimemwona. Twende."

Nikamfuata. Ningefanya nini? Alikuwa yeye, uso wake, kofia yake. Alitangulia, mimi nyuma, tukiteremka katikati ya michai iliyonifika kiunoni. Nilikuwa nimelowa sketi yote. Na hapo ndipo macho yangu yalipoanza kufanya kazi niliyoyafundisha. Niamini, sikuyatuma. Jaketi lake lilikuwa kavu. Gambuti zake za mpira hazikuwa hata na tope. Nikajiambia, wacha ujinga.

Kisha nikaangalia mwendo wake. Bega la kulia lilikuwa limeshuka, na mkono wa kushoto unachuma jani hapa, unachuma jani pale, unalikunja mara nne, unalitupa. Mwalimu hatembei hivyo. Namjua mtu mmoja tu aliyetembea hivyo, na huyo ni kaka yangu Kamau, aliyebeba mikebe ya maziwa tangu utotoni mpaka bega likalala. Kamau tulimzika Nyeri kabla sijakanyaga Mogogosiek. Mwalimu hakuwahi kumwona, hata picha.

Miguu yangu ilitaka kusimama, lakini iliendelea kwenda. Umewahi kuona kondoo anavyofuata mwenzake kwenye shimo?

"Mwalimu," nikasema, "tunaenda wapi?"

"Kanini, usiogope."

Kanini. Jina la utoto wangu, la nyumbani kwetu, ambalo hata mume wangu hajui. Na sauti haikuwa tena ya Mwalimu.

Simu ikalia mfukoni. Niliipokea.

"Mama Ciku, uko wapi?" Alikuwa Mwalimu. "Nimerudi hapa kwa kijia, sikuoni. Si nilikwambia usitoke?"

Nikainua macho. Yule wa mbele alikuwa amesimama, mgongo kwangu.

"Uko na nani?" Mwalimu akauliza. "Nasikia mtu anapumua."

Yule akasema, kwa sauti ya Mwalimu, polepole, "Mwambie unakuja."

Kisha Mwalimu akanong'ona, "Hiyo ni sauti yangu. Mama Ciku, kaa chini. Kaa chini hapo ulipo, usimwite jina lolote. Usikate simu."

Nikakaa kwenye matope. Yule akageuka. Kuanzia pua kwenda juu alikuwa Mwalimu Kiprono. Kuanzia pua kwenda chini alikuwa Kamau, na pengo lake la jino, akitabasamu kama alivyotabasamu akiniletea miwa. Katikati ya nyuso hizo ngozi ilikuwa na mabaka. Sikupiga kelele. Nilifumba macho, nikaomba kwa Kikuyu, na Mwalimu masikioni mwangu akiomba kwa Kipsigis, mpaka nikahisi mkono begani.

Nilikataa kuinua uso. Nilimwambia anionyeshe viatu. Viatu vilikuwa na matope, suruali inachuruzika maji. Ndipo nikajua ni Mwalimu, amefuata sauti yangu, nikamshika. Hatua tatu mbele yetu, pale alipokuwa amesimama yule, palikuwa na machimbo ya mawe, yamejaa maji ya mvua mpaka juu.

Mwalimu ameacha ndege. Darubini ameiuza, na tukikutana tunazungumza habari za ng'ombe na bei ya chakula. Yule ndege ameonekana tena, wageni wamekuja na kamera zao kubwa wakitaka niwapeleke. Nimekataa. Ukungu ukianza kushuka nafunga duka, hata kama kuna mteja, na binti yangu ana ruhusa ya kunishika mkono nisitoke.

Maana hili sijamwambia hata Mwalimu. Kilichonisumbua baadaye si hofu. Ni kwamba nikisikia ukungu umefika mlangoni, kuna sehemu yangu inataka kutoka kwenda kumtafuta, nimwone kaka yangu akitabasamu mara moja tu.

Kwa hiyo nawe, ukipita mashamba haya na ukungu ukuangukie, kaa chini. Akitokea unayemjua, usimpe jina. Na akikuita kwa jina ulilopewa na waliokufa, funga mdomo, shika mchai ulio karibu nawe kwa mikono miwili, usiuachilie mpaka uone barabara.