Ngoma Juu ya Moto wa Magunzi

Juzi, hapa Dar es Salaam, mwalimu wa ngoma niliyemtafuta kwa muda mrefu aliwasha maboksi, akaiinamisha ngoma yangu juu ya moto. Harufu ya ngozi ilinirudisha Sumbawanga, uani kwa bibi aliyepiga ngoma za kwaya kigangoni kwetu.

Utotoni nilikuwa nimemwomba bibi anifundishe. Badala yake aliichukua ngoma ya marehemu baba, akaiegemeza kwenye moto wa magunzi. Siku hizi najua ngozi hunyonya unyevu. Wakati ule nilijua tu kwamba watu wazima hukataa bila kueleza, nikadhani anaichoma. Niliinyakua, nikakimbilia mlangoni.

"Haya, ipige!" alisema bibi.

Niliipiga. Ililia kama gunia lililolowa.

"Umesikia? Ukungu umeilegeza. Nani kakufukuza, mjukuu wangu? Irudishe motoni. Na hivyo vidole vyako pia, vimekufa ganzi kwa baridi."

Nilirudi, nikanyoosha vidole juu ya moto. Tulikaa hapo mpaka ngozi ikakaza. Akaigonga, ikaitika.

Mwalimu wa Dar alinitazama. "Wengine hupiga kelele nikiweka ngoma motoni. Wewe huogopi?"

Jasho lilikuwa likinitiririka, na mikono yangu miwili nilikuwa nimeshainyoosha juu ya moto.