Fundi Ambaye Baba Hakumwendea

Mwaka niliomaliza chuo kikuu nilirudi Kyela nikiwa najua mambo mengi na sina kazi. Serikali ilikuwa imeacha kuajiri. Baba naye alikuwa amepunguzwa kazini katika shirika la umma lililouzwa, na mafao yake yote yalikuwa yamegeuka pikapu moja ya dizeli, ya mtumba, yenye maandishi ya Kijapani ubavuni. Baba aliamini yale maandishi yalikuwa jina la kampuni kubwa. Nilipomwambia huenda ni duka la samaki, alininunia siku nzima.

Hatukuwa na kitu kingine. Shamba la kokoa lilikuwa la baba mdogo, nyumba ilikuwa na nyufa, na kaka yangu alikuwa Malawi, upande wa Karonga, akifanya biashara ambayo hakuna aliyeielewa, pengine hata yeye mwenyewe. Injini ile ikifa, baba angekuwa mzee mwenye suti ya kustaafia na mabati yaliyojikunja juu ya magurudumu manne.

Kazi ya pikapu ilikuwa kubeba mchele wa Makwale pamoja na wanawake wenye mchele wao, kuwapeleka juu, Tukuyu, na wakati mwingine Mbeya. Kyela ni tambarare. Unaweza kuendesha gari kutwa usibadilishe gia ila kwa ajili ya mbuzi. Lakini ukishaliacha bonde, barabara inainuka na haikuachii mpaka masikio yazibe. Hapo ndipo pikapu yetu ilipoaibika. Wenzake walipita, wakapiga honi. Siku moja, katikati ya mlima, wanawake wa mchele walisimamisha gari jingine, wakahamisha magunia yao huku baba ameshika usukani akitazama mbele kana kwamba yuko kanisani.

"Baba, usikasirike," mmoja wao alimwambia dirishani. "Gari yako inapanda kama mjamzito."

"Tena wa mapacha," mwingine akamalizia.

Baba aliporudi alitangaza kwamba injini itaongezwa nguvu. Kilichobaki ni kumchagua wa kuiongeza.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila kitu kiliruhusiwa, na kwa hiyo kila mtu alikuwa fundi. Aliyekuwa jana anaziba pancha za baiskeli leo alikuwa ameandika ubaoni MTAALAMU WA INJINI ZOTE. Watu wa mji ule, ambao wangebishana nusu saa juu ya unyevu wa kilo moja ya kokoa, walimkabidhi mtu kama huyo mali ya maisha yao kwa sababu tu ana sauti nene na ovaroli chafu. Nilivyoona mimi, uchafu wa ovaroli ndio uliokuwa cheti.

Wa kwanza hakuwa hata fundi. Alikuwa mfanyabiashara wa mpakani, mwenye viatu vyeupe, aliyeuza bomba fupi la bati lenye sumaku ndani. Lilifungwa kwenye mpira wa mafuta, na likishafungwa, alisema, dizeli "inapangwa mstari" kabla ya kuingia kwenye injini. Nilimuuliza dizeli inapangwaje mstari. Akanitazama kwa huruma.

"Dada, umesoma?"

"Nimesoma fizikia."

"Basi hii ni baada ya fizikia."

Baba alicheka, akalinunua. Lilikaa kwenye gari wiki moja, limefungwa kwa vipande vya tyubu, na pikapu iliendelea kupanda kama mjamzito. Nilijisikia mshindi, na sikuficha. Nadhani hapo ndipo baba alipoanza kutokusikiliza chochote nilichosema kuhusu gari.

Wa pili alikuwa na gereji kando ya soko. Huyu aliongeza nguvu kwa bisibisi. Alikuwa anavunja muhuri wa kiwandani kwenye pampu ya dizeli, anazungusha skrubu, na mafuta yanamwagika kwa wingi kwenye silinda. Kisha anakanyaga mafuta gari likiwa limesimama, na moshi mweusi unatoka nyuma hadi kuku wanakimbia. Kundi la watu lilisimama pale kila siku kuutazama ule moshi. Walikadiria nguvu kwa weusi wake. "Hii ni kilo tatu," wangesema, au, "Hii bado ya kijivu, ongeza." Sijapata kuona watu wazima wakifurahia kiasi kile kitu kinachowaingia puani.

Nilijaribu kumweleza baba jioni, akiwa anakula.

"Tata, moshi ni mafuta yasiyoungua. Yule anakuuzia hasara, halafu unaishangilia."

"Moto usio na moshi uliuona wapi?"

"Kwenye jiko la umeme."

"Basi hilo jiko lako la umeme libebe magunia lipande Tukuyu."

Mama alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Nikaendelea kueleza. Nilieleza kwamba hewa ya mlimani ni nyepesi, kwamba pampu iliyofunguliwa hapa bondeni ikifika juu itakosa hewa ya kuchomea mafuta yote yale, na joto litakuwa kubwa kuliko pistoni inavyoweza kuvumilia. Kyela nzima ilipima magari ya mlimani mahali pasipo hata kichuguu. Nilichora mchoro nyuma ya kalenda ya kanisa. Baba aliutazama, akasema nimeharibu kalenda.

Fundi wa tatu nilimpata mwenyewe, na nilijivunia kumpata. Gereji yake ilikuwa Mbugani, uani, bila kibao. Alikuwa mzee mkimya aliyejifunza pampu na nozeli upande wa Malawi, kwenye karakana ya shamba la chai. Nilimjua kwa sababu wifi yangu, mke wa yule kaka wa Karonga, alikuwa na jiko la kuuza chakula pale pale uani, hatua kumi kutoka kwenye benchi lake. Nilikuwa nikila kwake mchana, wali na samaki, bure, na yule mzee alikula hapo pia. Wifi nilimpenda. Nyumbani kwetu alikuja kwa mlango wa nyuma, baba akiwa hayupo, na jambo hilo nililiwekea lebo ya mila zilizokufa, pamoja na mengine mengi, nisilifikirie tena.

Nilimuuliza yule mzee anaongezaje nguvu.

"Pikapu ya baba yako naisikia ikipita barabarani," alisema, akichambua mifupa ya samaki. "Haina shida ya nguvu. Nozeli mbili zinakojoa."

"Zinakojoa?"

"Nozeli inatakiwa inyunyize kama mtu anavyopuliza maji kwenye nguo ya kupiga pasi. Zake mbili zinachuruzika. Nitazifungua zote, nizipime moja moja kwa mkono. Pampu nitaigusa kidogo, tena siigusi hapa. Tutapanda naye mpaka nusu ya mlima, ndio nitaifungia huko."

Nilitaka kumkumbatia. Nilikuwa nimemaliza miezi mingi katika mji ule bila kusikia sentensi iliyofuata sentensi iliyotangulia. Nikarudi nyumbani nikikimbia.

Baba alisikiliza vizuri. Aliuliza gereji iko wapi. Nikamwambia: Mbugani, uani, kwenye jiko la wifi. Akasema, "Nitafikiria."

Alifikiria wiki mbili. Kila nilipouliza alikuwa na sababu mpya, na kila sababu ilikuwa mbovu kuliko ya jana. Barabara ya kule ina matope. Yule mzee hana kibao. Mafundi wa Malawi hawajui magari ya Japani. Nilimjibu kila moja, moja baada ya nyingine, kwa raha. Nikamwambia kama kwenda huko ni taabu, aache gari nimpelekee mzee funguo, aende akapumzike. Hapo alikasirika kweli. Kwetu hakuna mwenye gari anayeliacha kwa fundi. Unaweka kigoda, unakaa kuanzia boliti ya kwanza inapofunguliwa mpaka ya mwisho inapofungwa, hata kama ni siku mbili, vinginevyo vifaa vyako vitatembea. Hilo nililielewa. Nikasema basi akae. Alinitazama muda mrefu kama mtu anayesubiri mwenzake akumbuke kitu. Mimi nilikuwa natafuta hoja nyingine.

Jumatatu alikwenda sokoni, kwa fundi wa bisibisi. Kazi ilichukua muda wa kunywa chai. Moshi ulitoka, watu wakapiga makofi, mmoja akasema hii ni kilo nne.

Sitasema uongo: pikapu ilikimbia. Kwa wiki tatu iliwapita waliokuwa wakiipita. Wanawake wa mchele walirudi, wakashuka Tukuyu na masizi usoni, wakicheka, na yule wa mjamzito akamwambia baba, "Sasa umejifungua." Baba alinitazama mezani, akaniongezea mboga, jambo lililokuwa baya kuliko kusema lolote. Nikamwambia asubiri. Nakumbuka nilivyolisema neno lile, na nakumbuka kwamba sehemu yangu fulani ilitamani injini ife ili nionekane nimesoma.

Ilikufa Alhamisi, karibu na juu kabisa, magunia kumi na mawili yakiwa nyuma. Nilikuwemo, nimekaa mbele. Kwanza ulisikika mlio mwembamba, kama kijiko kinachogongwa kwenye kikombe, halafu kishindo, halafu moshi ukageuka kutoka mweusi kuwa mweupe na mzito. Wanawake waliruka. Baba aliweka jiwe nyuma ya gurudumu, akafungua boneti, akasimama akiitazama injini yenye pensheni yake ndani. Nilikuwa na sentensi nzima tayari mdomoni. Gari jingine lilisimama na wanawake wakaanza kuhamisha magunia, safari hii bila mzaha. Mmoja wao alimpa baba ndizi. Aliishika tu, hakuimenya.

Tulivutwa kwa kamba kurudi bondeni.

Kesho yake mchana, baba akiwa amekwenda kutafuta wa kumkopesha pistoni, wifi aliingia kwa mlango wa nyuma kumpa mama pole. Mimi nilikuwa jikoni nikitoa hotuba. Nilimhesabia mama makosa ya baba: sumaku, bisibisi, moshi, ubishi, chuki ya kila kitu kinachoelezeka. Wifi alisikiliza akiwa ameshika ungo.

"Kwani alitaka kuja kwa yule mzee?" aliuliza.

"Nilimwomba wiki mbili! Alikataa kwa ujinga tu."

"Hakukataa. Alikuja mara tatu."

Mama aliacha kukoroga.

"Pikapu ilikuwa inafika pale kwenye migomba, inasimama," wifi alisema. "Mimi naisikia, najitanda khanga, najibanza nyuma ya tangi la maji. Nangoja. Halafu inageuza, inaondoka. Nikadhani anafuata mtu."

Nilisikia maji yakichemka.

Kwetu Wanyakyusa, mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Yeye akisikia sauti yako anapita pembeni. Nawe ukijua yuko mahali, huendi. Wazee wa kanisa wanaihubiri mila hiyo kuwa giza, na baba alikuwa mzee wa kanisa, na alihubiri hivyo. Lakini kukaa kwenye kigoda kutwa, hatua kumi kutoka kwa mke wa mwanawe anayeinamia sufuria, asingeweza. Angekuwa anamfanya binti wa watu ajifiche nyuma ya tangi tangu asubuhi mpaka jioni, na wateja wake wa chakula wakitazama. Angeniambiaje mimi, niliyekuwa nikicheka hata nikisikia neno mila? Alinitajia matope.

"Mngeniambia," wifi alisema. Sasa alikuwa amekasirika, na alikuwa ananitazama mimi. "Wewe unakula pale kila siku. Jiko lenyewe ni mawe matatu na bati moja. Ningelihamisha kabla chai haijapoa."

Alilihamisha jioni ile ile. Alipakia mawe yake kwenye toroli, akaenda kuyaweka upande wa pili wa barabara, karibu na mashine ya kukoboa mpunga, na siku mbili hakupata wateja.

Pikapu ilisukumwa mpaka Mbugani. Baba aliweka kigoda. Mzee alifungua injini taratibu, akatoa pistoni ya tatu na kuiinua. Ilikuwa na tundu ambalo kidole kiliingia. Akapapasa ukuta wa silinda kwa ukucha, akapapasa tena.

"Itatembea," alisema. "Nitaivisha bushi, koti la chuma ndani ya silinda. Lakini mlima hapana. Mlima usahau."

Baba akaitikia kwa kichwa.

"Nozeli zingeweza kutengenezwa kwa siku moja," mzee aliendelea, maana hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. "Binti yako alinieleza mapema. Mbona hukuja?"

"Barabara ya huku," baba alisema. "Ilikuwa na matope."

Ulikuwa mwezi wa kiangazi. Mzee alitazama vumbi lililokuwa kwenye viatu vyake mwenyewe, akarudi kwenye kazi. Nami nilikuwa pale, nimebeba boliti kwenye kopo, mwenye jibu la kila kitu, na baba hakunigeukia hata kuona kama nitamsahihisha.

Baadaye aliinuka kwenda kunawa mikono kwenye tangi. Njia fupi ilikatiza palipokuwa na jiko. Palibaki duara la majivu na alama tatu za mawe. Baba alipakaribia, akasita, akalizunguka lile duara kwa mbali, akiwa amegeuza uso.

Tangu hapo pikapu ilibeba vyungu kutoka Lyulilo, ufukweni mwa ziwa, kuja mjini, barabara yote ikiwa tambarare, na haikutoa moshi kabisa.