Wifi Nje ya Dirisha

Enzi zetu, jamani, wifi alikuwa mke wa kaka. Leo ukilitamka neno hilo mbele ya wanangu wanakuuliza nenosiri. Sisi tuliokulia Kyela wakati biashara zimefunguliwa na kila mwenye duka anajiita mkurugenzi, tulikuwa na wifi wa kweli, wa kukusuka nywele huku akikuchamba. Tulicheza rede kando ya mikeka ya kuanikia kakao, mama akifoka, "Mkikanyaga kakao yangu leo hamli!" Alitishia tu. Wali ulinukia mtaa mzima, na kichwa cha samaki mbasa tulikigombania mpaka tunachaniana nguo.

Wifi yangu aliitwa Tumpe. Mumewe, kaka yetu mkubwa, alivuka mto Songwe kwenda Malawi, akaendelea mpaka Johannesburg kutafuta maisha. Alisema gharama za simu zinamshinda, tuwasiliane kwa barua pepe. Basi baba, mnunuzi wa mpunga aliyependa mambo mapya, akaleta kompyuta kuukuu kutoka ofisi moja ya Mbeya iliyofungwa. Jamaa yake wa hukohuko akamfungulia anwani, tukampa kaka. Kompyuta ikakaa sebuleni karibu na simu ya mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Wifi alisomea kompyuta Mbeya. Lakini Wanyakyusa wenzangu mnajua, mkamwana haonani na baba mkwe, na baba hakubanduka mbele ya mashine yake wala hakutaka mtu aiguse. Kila akiunganisha, modemu ilipiga filimbi, ikakoroma, kisha yakatokea maandishi kwamba seva ya proksi haijibu. Baba akadhani Proksi ni mtu! Akampigia jamaa yake: "Huyo Proksi ni nani, mbona hajibu? Mwambie mashine ni yangu sasa!" Tulicheka tukashika mbavu. Wifi naye alicheka, lakini wiki zilikuwa zinapita na mumewe kimya. Akaomba kupitia kwa mama aende Mbeya kwenye intaneti kafe. Baba akang'aka, "Aende kwa watu na kompyuta iko hapa?"

Ikabidi niwe mdomo wake. Yeye alisimama nje ya dirisha, ameupa ukuta mgongo, ananong'ona, nami natangaza ndani.

"Baba, wifi anasema kompyuta bado inapitia mlango wa ofisi ile, na ofisi haipo tena. Utoe alama kwenye kisanduku cha proksi."

"Kisanduku gani? Mwambie sikioni."

Masikini, kisanduku kiko kwenye skrini, yeye anakitafuta nyuma ya mashine, akiinua waya mmoja mmoja! Mpaka tuelewane, mvua ikanyesha, laini ikakata. Siku nyingine umeme hakuna. Si mnaijua mvua ya Kyela?

Asubuhi moja alama ikatoka. Barua zikamiminika kwa mkupuo. Mama akapiga vigelegele, akishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga! Ndaga fijo!" Baba akaniambia nisome kwa sauti, wifi asikie.

Kaka aliandika kwamba kifua kinambana. Akaandika tena, mbona hamjibu? Halafu: "Tumpe, njoo unichukue, peke yangu safari siiwezi." Ya mwisho haikuwa yake. Iliandikwa na rafiki aliyekaa naye. Wamemzika, wametungoja sana. Hapo nikashindwa kuendelea.

Wifi hakusubiri. Aliingia kwa mlango wa mbele, akapita mbele ya baba, akaketi mbele ya kompyuta, akasoma kwa macho yake mwenyewe. Mama alijifunika uso kwa khanga. Mimi nilidhani baba atainuka atoke. Hakutoka. Kwa mara ya kwanza akazungumza naye: "Soma, mwanangu. Soma zote."

Baba hakuiwasha tena kompyuta ile. Sebule akaikimbia, akawaachia kuku, akawa anakula uani.

Siku hizi mtandao ukigoma kidogo wanangu wanalia utadhani wamefiwa. Binti yangu anampigia baba mkwe wake simu ya video, wanataniana, anamwonyesha hadi sufuria jikoni. Wazee wa rika langu wanaguna kwamba adabu imekwisha. Mimi siguni. Namtazama anavyocheka, na roho inaniuma. Laiti kaka yangu angeugua zama hizi.