Cherehani Nyuma ya Wimbo

Kaseti inaanza na cherehani. Kinakwenda mwendo wa kati, ule wa mshono mrefu, wa ubavu wa suruali au ukingo wa shuka, na mbele yake gitaa linajaribiwa nyuzi. Kisha sauti ya mwanamume inasema, bila ukali wowote, kama mtu anayeomba asogezewe chumvi: "Mama, simamisha kidogo." Cherehani kinasimama. Mwanamke anajibu maneno machache. Kinachofuata ni kimya, na nyuma ya wimbo wote unaokuja hakisikiki tena kitu chochote. Sisi tunaojua habari ya kimya kile hatuwezi kukisikiliza mpaka mwisho. Mwenye sauti ile hukisikiliza.

Mtaani tulimwita Kabati. Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji. Alipita nyumba hadi nyumba na tochi na fimbo ya kufukuzia mbwa, akainama penye vifuniko vya chuma, akanyanyuka na magoti yenye matope. Mkewe alikuwa mshonaji, akifanyia kazi chumba cha mbele, dirisha wazi. Nguo za wateja zilizokwisha zilitundikwa kwenye kabati kubwa la chumba cha pili, lisilofungika vizuri, na humo ndimo mumewe alimoimbia. Aliingiza kichwa na mabega katikati ya suti na magauni ya watu kwa sababu nguo zinameza kelele za barabarani na hazirudishi mwangwi. Ukipita dirishani ukaona miguu miwili na nusu ya gitaa vimetokeza kabatini, ujue kuna wimbo unazaliwa.

"Ukitoa jasho kwenye suti ya bwana harusi wa watu," mkewe alimwambia, "utaipiga pasi mwenyewe."

"Msanii hatoi jasho."

"Basi hiyo harufu ni ya bwana harusi."

Sauti yake ilikuwa nyembamba. Ikipanda juu ilipasuka, ikipasuka ilikwenda upande, na huko upande mara nyingi ndiko kulikokuwa na uzuri. Gitaa lilivunjika kishikio kimoja cha nyuzi, akawa analikaza kwa koleo. Hakufundishwa na mtu. Aliimba aliyoyaona kazini: nyumba isiyo na mtu ambayo mita yake inazunguka, mjane anayemwagilia bustani iliyokwishakauka, mbwa mmoja aliyezoeana naye kiasi kwamba alimsindikiza mpaka nyumba ya jirani, kisha akamng'ata.

Ngoma hakuwa nayo, na peke yake alikuwa hajui mwendo. Alianza polepole akamaliza mbio, kama mtu anayeteremka mlima na mzigo. Kwa hiyo alingoja. Redio kaseti aliiweka kwenye kigoda mlangoni, katikati ya chumba chake na chumba cha mkewe, halafu akachungulia.

"Leo una kazi gani?"

"Vifungo."

"Vifungo haviimbiki. Huna mashuka?"

"Mashuka kesho."

"Basi naimba kesho."

Ndivyo nyimbo zake zote zilivyorekodiwa. Za taratibu zilingoja bitana, za haraka zilingoja pindo za sketi za shule. Mkewe alizijua kuliko yeye. Kiitikio kikikaribia, mguu wake uliongeza kidogo kwenye kanyagio, na kitambaa kikiisha kabla ya wimbo, alichukua kipande chochote sakafuni akakipitisha chini ya sindano mpaka mumewe amalize. Kulikuwa na kapu zima la vipande vile chini ya meza, vyenye mishono mizuri iliyonyooka, ambayo haikuunga kitu na kitu. Wawili hao hawakuwahi kulizungumza jambo hilo. Kazi zilifanyika wakati mmoja, ndani ya nyumba moja, na kila mmoja akaona ni kawaida.

Watu walileta kaseti zao wenyewe, naye akawanakilia kwa kuiweka redio ya shemeji yake mbele ya yake na kuwaambia wote wanyamaze. Kinyozi wa kona aliichukua moja, akaipiga kibandani kila siku mpaka wateja wakawa wanaimba wakiwa na povu kidevuni. Muuguzi mmoja alichukua nyingine akawa anawafungulia wagonjwa wasiopata usingizi. Hakuna redio iliyowahi kumpigia wimbo, lakini alikuwa na watu wake, na hao watu walikuwa na swali moja: "Anayekupigia ngoma ni nani?"

"Ngoma gani? Mimi sina ngoma," alijibu, akicheka. Alidhani wanamtania.

Ndipo akaja mtu tuliyemwita Mtaalamu. Alikuwa na studio ndogo ghorofani, juu ya duka la betri, na alikuwa amezisikia kaseti kwa kinyozi. Hakuwa mtu mbaya. Nyimbo alizipenda kwa dhati, pengine kuliko yeyote kati yetu.

"Mzee, hizi ni dhahabu," alimwambia. "Ila zimefukiwa. Kelele nyingi mno. Rekodi upya, nyumba ikiwa kimya, uniletee."

Jumamosi asubuhi Kabati akaingia kabatini. Chumba cha mbele mkewe alikuwa amekwisha kuanza mashuka. Alikuwa ameyachelewesha kwa ajili hiyo. Ndipo yakasemwa yale maneno. Mama, simamisha kidogo. Na mkewe akajibu: "Haya, mwanamuziki. Tumenyamaza." Kuna kicheko kidogo, kisha mkasi unawekwa mezani. Aliketi mikono magotini, akangoja.

Wimbo haukwenda. Mumewe alianza vizuri, akaharakisha, akajikuta ubeti wa pili kabla hajaumaliza wa kwanza, akasahau maneno, akaguna. Akalaumu nyuzi. Mchana dereva wa lori alipokuja kuchukua suruali yake iliyopunguzwa, Kabati akampa kaseti ile kama mtu anayetupa ganda.

"Itakupunguzia usingizi barabarani."

"Au itaniongezea?" dereva akauliza.

Iliposhindikana kurekodi upya, Mtaalamu alichukua kaseti za zamani akazisafisha kwenye kompyuta. Alikaa nazo majuma mengi, akachambua sauti ya cherehani wimbo kwa wimbo, akaing'oa kama mtu anayetoa miiba ya samaki. Ikatoka sidii yenye picha ya Kabati amesimama wima, shati limepigwa pasi, hakuna kabati popote. Waliisikiliza mezani, mume na mke na binti yao wa pekee. Mkewe alisikiliza mpaka wimbo wa mwisho.

"Safi kweli," akasema. Kisha, "Mimi niko wapi?"

"Wewe? Kwani uliimba?"

"Aa. Nauliza tu."

Akarudi kwenye vifungo vyake. Binti yao anasema mama alikuwa anatabasamu. Baba hakumbuki, alikuwa anaitazama picha.

Sidii haikufika mbali. Kinyozi aliipiga siku chache, akarudi kwenye kaseti yake iliyochakaa. Tulipomuuliza mpya ina kasoro gani, aliukung'uta wembe akafikiri. "Haina kasoro," akasema. "Imekaa kama nyumba iliyohamwa."

Sasa, nyumba ile haikuwa na desturi ya kuweka vitu viwili vya kazi moja. Kola ikichakaa iligeuzwa ndani nje, shuka likitoboka katikati lilikatwa mapazia, na pazia likifa likawa tambara la kufutia mafuta ya cherehani. Kabati alizitazama kaseti zake za zamani zilizojaa kelele, akaitazama sidii iliyo safi, akafanya alichofundishwa na miaka yote ya ndoa yake. Alizigeuza. Alirekodi nyimbo mpya juu ya za zamani, kaseti moja baada ya nyingine, wala hakuona kwamba anapoteza kitu.

Nyimbo mpya hazikuwa nzuri, na hakujua kwa nini. Miguu ya mkewe ilikuwa imeanza kuvimba. Kwanza aliacha mashuka, kisha suruali, akabaki na vifungo, akisema vifungo navyo ni kazi. "Leo una kazi gani?" mumewe aliuliza, na jibu likawa lilelile. Akaimba bila kungoja. Hospitali walimpa mkewe dawa na ushauri wa kunyanyua miguu. Alifariki asubuhi moja ya mvua, ameketi kitandani, sindano ikiwa imechomekwa kifuani mwa gauni lake kama alivyozoea.

Watu walipokwisha kutawanyika, Kabati aliketi chumba cha mbele akaweka kaseti ya kwanza. Hakutaka kujisikiliza yeye. Alitaka kusikia mguu wa mkewe kwenye kanyagio. Ikatoka sauti yake mwenyewe, peke yake, ikiimba habari za kituo cha basi. Akaweka ya pili. Akaweka zote. Mwishoni akaweka sidii, akaisikiliza sikio limegusa spika, na humo akajisikia akiharakisha na kupunguza, akingoja na kufuata, akienda kwa mwendo wa mtu ambaye hayumo.

Alikuwa amekwisha kustaafu. Akachukua fimbo yake ya mbwa akaanza upya njia yake ya mita, mlango kwa mlango.

"Mzee, mita si wanasoma vijana siku hizi?"

"Sikuja kwa mita. Nilikupa kaseti."

"Kaseti! Hata redio yenyewe tulishatupa."

Ya kinyozi ilikuwa imeliwa na mashine, utepe wote ukakatikakatika. Ya muuguzi ilikwenda na mafuriko. Shemeji yake alikuwa nayo, akaitoa kwa furaha kubwa, lakini alikuwa amerekodia mpira juu yake. Kabati akaomba aisikilize hata hivyo, huenda mwishoni kumebaki kidogo. Wakasikiliza mchezo mzima, wanaume wawili wazee kimya sebuleni, mpaka kipenga cha mwisho na mpaka utepe ukaisha.

"Na tulifungwa," shemeji akasema.

Binti yake alimsihi aache. "Baba, picha zake si tunazo?"

"Picha hazishoni," akajibu.

Dereva wa lori alikuja mwenyewe. Alisikia kwa kinyozi, akiwa ananyolewa, kwamba mzee anatafuta kaseti zake, akaja na nusu ya ndevu, akaliegesha lori mbele ya nyumba.

"Si wewe uliyenipa kaseti? Hebu panda."

Kaseti ilikuwa imenasa kwenye redio ya lori miaka mingi. Kitufe cha kuitolea kilivunjika, na fundi alisema akiivuta utakatika utepe. Ilikuwa inaweza kwenda mbele na kurudi nyuma, lakini kutoka haitoki. "Redio yangu haina wimbo mwingine," dereva alisema. "Nikiwasha gari, unaimba wewe." Akawasha gari.

Cherehani kikaja. Kabati akashika dashibodi kwa mikono miwili. Ulikuwa mshono mrefu, mwendo wa kati, mguu wake kabisa, na ile tabia yake ya kuvuta kidogo kabla ya kukunja kona. Kisha ile sauti nyembamba ikasema, Mama, simamisha kidogo.

"Haya, mwanamuziki. Tumenyamaza."

"Hapo ndipo ninapopapenda!" dereva akasema, akipiga usukani. "Wimbo wenyewe unisamehe, lakini huyo mama ana raha yake. Ni nani?"

"Rudisha nyuma," Kabati akasema.

Wakarudisha. Kikaja cherehani, na ile sauti ikakisimamisha. Wakarudisha tena. Dereva alitusimulia baadaye kwa kinyozi, mara hii bila utani, kwamba kila ilipofika pale mzee alisogeza midomo, naye akadhani anaimba pamoja na kaseti. Alipoinamisha sikio akasikia hasemi maneno ya kwenye kaseti. Alikuwa anasema, upesi upesi, kama mtu anayetaka kuwahi: "Endelea, mama. Endelea tu, endelea." Na kila mara sauti yake ya kwenye kaseti ikamwahi.

Mtaalamu aliposikia alikuja mbio, na machozi yalikuwa yanamlenga. Alisema ataifungua redio ya lori mwenyewe, polepole, na utepe hautakatika. Ataiingiza kaseti kwenye kompyuta. Sauti ya mzee anaweza kuiondoa pale, asisikike akimsimamisha mtu, na kile kipande cha cherehani anaweza kukirudiarudia mpaka kiwe kirefu wanavyotaka. "Hata saa nzima, mzee. Kitashona tu."

Tulikuwepo, na tulidhani atakubali.

"Atakuwa anashona nini?" Kabati akauliza.

Mtaalamu akamshika mzee bega, kisha akaenda zake. Redio ya lori haikufunguliwa.

Kabati anaishi kwa binti yake sasa, chumba cha chini kinachotazama barabara. Gitaa lilibaki nyumba ya zamani. Cherehani kimo chumbani, mafuta hukitia mwenyewe. Lori likipita upande huo, dereva hupiga honi, naye hutoka na fimbo yake, akapanda, wakakaa humo injini ikiwa inanguruma mpaka dereva atakapolazimika kuondoka.