Wanataka Nimwite Mtoto wa Wifi kwa Jina la Marehemu Mwanangu

Admin, nisitiri. Humu wamo majirani na ndugu wa mume.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nimeolewa, tumepanga Buguruni. Mwaka jana nilimpoteza mtoto wangu wa pekee. Hapa nitamwita Nasra, siyo jina lake. Alikuwa na miaka sita, ndiyo kwanza kaanza shule. Alishikwa na homa, tukamkimbiza hospitali, hakurudi. Sina zaidi ya kueleza hapo, na msinipe pole, nimezipokea nyingi hadi zimenichosha.

Wakati ule nilikuwa nauza mitumba ya watoto Mchikichini. Tukifungua belo, kila mama muuzaji anamtolea mwanawe kwanza kilicho kizuri, ndiyo kawaida yetu. Baada ya msiba nilirudi kazini, belo likafunguliwa, nikajikuta nimeshika gauni la njano napima urefu kwenye kiuno changu, kama nilivyokuwa nampimia Nasra. Niliondoka siku hiyo na sijakanyaga tena kule.

Nikapata kazi Kariakoo, duka la mikoba. Tangu hapo nimefanya mambo ambayo sikuwahi kuyafanya maishani. Nimejifunza kuingia laivu kwenye simu, naonyesha mikoba huku nacheka na watu nisiowajua. Nimevaa jinzi kwa mara ya kwanza. Nimepanda treni ya umeme na wenzangu wa dukani hadi Dodoma, tukapiga picha, tukarudi. Watu wakiziona picha wanasema, "Umependeza shosti, hatimaye umepoa." Nimepoa wapi! Nazunguka huku na huko kwa sababu nikikaa nyumbani nasikia kimya cha chumbani. Treni ilikuwa nzuri kweli, ila njia nzima niliangalia dirishani nikiwaza Nasra angeuliza nini. Hakuna kipya hata kimoja kilichonisaidia. Mwaka umeisha na mimi niko palepale.

Dukani hawajui kama nimewahi kuzaa. Msichana mmoja aliniuliza, "Dada, una watoto?" Nikajibu sina. Sikuweza kula mchana ule. Kariakoo nzima naitwa dada. Kwa hiyo nikirudi Buguruni, jirani akinipigia kelele toka uani, "Mama Nasra, maji yametoka, lete ndoo!" moyo unatulia kidogo. Ndicho kitu pekee nilichobaki nacho.

Sasa nije kwenye kilichonileta. Wifi yangu, dada wa mume wangu, amejifungua mtoto wa kike. Kwa kina mume wangu, watu wa Lindi, mtoto wa kwanza wa kike kuzaliwa baada ya msiba anapewa jina la marehemu ili lisipotee. Na halichukuliwi hivihivi. Mama wa marehemu ndiye anayembeba huyo mtoto siku ya akika, anamwita kwa jina hilo mbele ya watu, kisha anamkabidhi kwa mama yake. Asipomwita yeye, jina halipiti. Nilipoolewa nilikuwa najua mila hiyo, na niliiona nzuri. Tena nilikuwa nawasifia.

Wiki iliyopita mama mkwe alituita Mbagala kwa wifi. Nikamwamkia, akaitikia kwa furaha, akaniketisha. "Mwanangu, Mungu katurudishia. Jumapili ndiyo akika, utamwita mtoto jina lake." Halafu akainama juu ya kichanga akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Nasra, amka, mke wa mjomba kaja."

Jamani, niligeuka kuangalia mlangoni. Nilijua anayeitwa ni kichanga, lakini shingo iligeuka yenyewe. Hakuna aliyeniona isipokuwa wifi, naye akashusha macho.

Njiani kurudi nilimwambia mume wangu, "Baba Nasra, mimi siwezi." Huyu mwanaume kwa mwaka mzima alikuwa anaingia ndani, anakula, analala, salamu yenyewe kwa shida. Lakini mbele ya kile kitoto alicheka hadi nikaona jino lake la pembeni. Akanijibu taratibu, "Mke wangu, mimi nilipomsikia Mama anaita lile jina nimeweza kuvuta pumzi. Usininyime." Tangu siku hiyo ananunua vitu vya mtoto, ananionyesha, anapiga mluzi akioga.

Wifi alinipigia peke yake. "Wifi, kama unaumia sema, mimi nitampa jina lolote." Nilimshukuru, ila tukisema hivyo atalaumiwa yeye kwa mama yake, na mimi nitaitwa mwenye kijicho. Mtoto akipata hata mafua wataniangalia mimi. Nawajua.

Sina chuki na kile kichanga, naapa. Kinanuka maziwa, nilikipakata na sikutaka kukirudisha. Ninachokiogopa ni kitakachofuata. Mwaka mzima nimetafuta sehemu ya kwenda isiyouma nikaikosa, na sasa hata hapa pangu padogo, kuitwa Mama Nasra, napaombwa. Nikikataa, nitamrudisha mume wangu kwenye kile kimya, na safari hii mwenye kosa nitakuwa mimi. Nikikubali, jina nitalisikia uani kila siku, maana wifi anahamia karibu yetu mwezi ujao, mume wangu ameshamtafutia chumba kwenye nyumba hiihii tunayokaa.

Akika ni keshokutwa. Mliowahi kuzika mtoto, semeni nami kwa ukweli, hata kwa ukali, maana akili yangu imegota. Nimwite, au nisimwite? Na nikimwita, siku jirani akisimama uani akaita "Mama Nasra," akaitika wifi yangu, mimi nitakuwa nani?