Aliyeniambia Umeme Umezimwa

Wanaonijua watawaambia kwamba mie kutunga siwezi. Hata uongo mdogo wa kumkwepa mgeni unanishinda, nacheka katikati. Kwa hiyo haya yaliyonikuta Chang'ombe, mchana kweupe, yapokeeni kama yalivyo.

Tumepanga nyumba yenye vyumba vingi na meni swichi moja, iko koridoni. Ukiizima, umewazimia wote. Sasa soketi ya chumbani kwangu ilikuwa imeungua, plastiki imeyeyuka upande mmoja, na mwanangu Shamimu ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Kila nikigeuka, kidole kiko kwenye tundu. Fundi aliniahidi mpaka nikachoka. Nikanunua soketi mpya, maana marehemu baba alikuwa fundi umeme na kazi ile naijua.

Tatizo ni wapangaji. Ukizima, mtu anatoka na pasi yake mkononi, anawasha bila kuuliza. Lazima umweke mtu alinde swichi. Nikapaza sauti kumwita Mama Zuhura wa mlango wa pili, mama aliyenishika mkono nilipojifungua.

"Mama Zuhura, nizimie, halafu usibanduke hapo!"

"Nimezima, mwanangu," akajibu kutoka koridoni.

Feni ikasimama. Redio ya jirani ikanyamaza.

Nikafungua skrubu, nikaivuta soketi nje, Shamimu kaning'ang'ania gauni. Nilikuwa nimeshanyoosha vidole kwenye waya, sijui nini kikanituma nichukue testa kwanza, ile bisibisi yenye kitaa cha kupimia umeme. Nikagusisha. Ikawaka! Nikarudia, ikawaka tena. Feni imesimama, waya una moto. Jamani, inawezekanaje?

Nikambeba mtoto, nikatoka. Koridoni kasimama mwanamke, kanipa mgongo. Kanga ya Mama Zuhura, kimo cha Mama Zuhura, mkono uko kwenye swichi. Na swichi haijazimwa.

"Mama, mbona hujazima?"

"Nimezima," akasema bila kugeuka. "Rudi ushike. Na mtoto akushikilie vizuri."

Niaminini, nilimkumbatia Shamimu kwa mikono miwili. Hapo hapo mlango wa mbele ukafunguliwa, akaingia Mama Zuhura, beseni la samaki kichwani, jasho linamtoka.

"We mwanangu, unaongea na nani?"

Nikageuka tena kwenye swichi. Hakuna mtu. Chumbani nikasikia feni inaanza kuzunguka.

Nilikifunga chumba mpaka mume wangu aliporudi kutoka kazini. Akazima, akasimama pale kwenye swichi, mlango wazi ili nimwone. Nikapima ndipo nikashika. Soketi inafanya kazi mpaka leo, haina neno.

Mie ndiye sijapona. Mama Zuhura akiniita, mwili wote unanisisimka. Shamimu akimkimbilia, namvuta. Aliniuliza huku analia, "Nimekukosea nini, mwanangu?" Nikamsimulia yote, naye akaniamini. Akanyoosha mikono ampokee mtoto, nikashindwa kumpa. Naona aibu kusema hivyo, lakini nilishindwa. Siku hizi hafungui mdomo mlangoni kwangu. Anagonga tu, ananyamaza, anasubiri nichungulie nimwone uso.

Basi nawe ukiambiwa umeme umezimwa, hata kama anayekuambia ni mama yako mzazi, usishike. Pima kwanza mwenyewe kwa testa. Na mtoto mwachie mtu unayemwamini, kama bado unaye.